Kinachofika Mwisho wa Waya

Fundi alianza kwa kamba. Nilidhani angetoa kwanza mita yake ya umeme, au angeuliza friji ni ya wati ngapi, lakini alichomoa mfukoni kamba ya katani, akampa kijana wake ncha moja aishikilie kwenye betri. Ncha ya pili akaenda nayo mwenyewe. Kamba ikapenya ukuta wa chuma unaotenga injini na chumba cha abiria, ikalala ubavuni mwa sakafu, ikapanda mgongo wa gurudumu la nyuma, ikashuka, ikazunguka nguzo ya mlango, ndipo ikagusa friji. Hapo akafunga fundo. Kisha akaikusanya yote, akainyoosha kwenye sakafu ya gereji na kuilaza kando ya futikamba: mita sita kasoro vidole vichache.

"Sita," akasema. "Na kurudi sita. Andika kumi na mbili, dogo."

Kwa macho yangu ningesema nne. Shemeji yangu, mwenye gari, alikuwa amekwisha kununua waya wa mita tano, na aliamini utabaki. Sisi wawili tulikuwa tumepima njia ya kunguru. Kamba ilipima njia ya waya, pamoja na kila kona itakayoukwepesha moto wa injini, ncha kali za bati na miguu ya wageni. Nilikuwa nimekaa juu ya tairi kuukuu pembeni, nikijua nitaondoka baada ya nusu saa. Nilirudi hata kesho yake.

Arusha ni mji unaojua kurefusha magari. Katika gereji zake, Land Cruiser za mfululizo wa 70 hukatwa, zikaungwa fremu na bodi, zikawekewa viti vya watalii, paa la kuinuka, soketi za kuchajia kamera na friji ya maji ya kunywa. Wengine huenda mbele zaidi: gari hupewa kitanda, tangi la maji, jiko la gesi na taa za kusomea, likawa nyumba ya kulala porini, kempa kama wageni wanavyoiita. La shemeji lilikuwa la aina hiyo. Lilikuwa zuri, limepakwa rangi ya mchanga, na lilikuwa na ugonjwa mmoja tu: ikifika saa tisa usiku, friji ilishikwa na kwikwi.

Ilinguruma, ikazima. Ikatulia kidogo, ikajaribu tena, ikazima. Taa ndogo nyekundu kwenye kompresa ilikonyeza mara moja, ikanyamaza, ikakonyeza tena mara moja. Katika safari ya kwanza ya Serengeti nyama ya wageni iliharibika kabla ya siku ya tatu. Fundi wa mwanzo, ambaye riziki yake ni kufunga umeme wa majumba, aliitwa. Akaizima friji, akachomeka mita yake kwenye soketi, ikasoma volti 12.1. Umeme upo, akasema, friji ndiyo mbovu. Ikanunuliwa friji nyingine. Kwikwi ikabaki palepale.

Huyu mzee tuliyemwendea baadaye hakumcheka mwenzake. Alichungulia ule waya wa zamani, akausugua kwa kidole gumba, akasema ni wa moja na nusu, yaani milimita 1.5 za mraba, waya wa taa za nyumbani. Friji inavuta ampia tano hivi. Waya wa moja na nusu hubeba ampia tano usiku kucha bila hata kuwa vuguvugu. Mwenzake alikuwa ameuliza swali la haki, waya huu utaungua, na jibu lilikuwa la haki pia: hautaungua. Tatizo ni kwamba ndani ya gari swali hilo lina mwenzake lisilotamkwa sana majumbani, nalo ndilo lililonikalisha juu ya lile tairi: kule mwisho, kitafika nini?

Kila waya ni kizuizi cha ushuru. Shaba ni karimu kuliko karibu metali zote, lakini haipitishi mzigo bure. Kila mita inatoza kidogo, waya mwembamba unatoza zaidi ya mnene, na mzigo ukiongezeka ushuru unaongezeka nao. Uzi wa shaba wa mita moja wenye unene wa milimita moja ya mraba una ukinzani wa takriban omu 0.0175. Mzee ana namba hiyo kichwani kama watu wanavyokuwa na namba ya simu ya mama zao. Aliizidisha kwa mita 12 za kwenda na kurudi, akagawanya kwa moja na nusu, akapata omu 0.14. Akazidisha kwa ampia tano: volti 0.7 zilikuwa zinabaki njiani.

Nyumbani, kwenye volti 230 za TANESCO, 0.7 ni makombo ya mezani. Hakuna taa wala friji itakayoyakosa. Kwenye volti 12 za betri ni karibu sehemu sita katika kila mia. Ushuru ni uleule, ila mfuko wa msafiri ndio mdogo. Na hapo hatujahesabu maungio: mahali pawili waya ulikuwa umesokotwa na kuvikwa tepu, na mwishoni friji ilikuwa imechomekwa kwenye soketi ya kiberiti, ambayo iliumbwa kuwashia sigara na haikushika vizuri. Mzee aliiwasha friji, akapima huku ikinguruma, akaona jumla ya volti 1.1 zimepotea.

Sasa kwikwi ikaeleweka. Kompresa ndogo za friji za gari, hasa za Danfoss ambazo leo huuzwa kwa jina la Secop, zina mlinzi wa betri. Katika mpangilio wa kawaida, volti zinazoifikia zikishuka hadi 10.4 kompresa hujizima ili betri isinyonywe ikafa, na haiwaki tena mpaka zipande hadi 11.7. Kule kukonyeza mara moja ndiyo lugha yake ya kusema betri imechoka. Lakini betri ya shemeji ilikuwa bado na akiba. Ikiwa kazini ilikuwa na volti 11.5, waya na maungio yakala 1.1, kompresa ikaona 10.4, ikazima. Ilipozima, ampia zikakoma, na ampia zikikoma hakuna ushuru: betri iliyopumzika ikapanda kidogo kupita 11.7, na volti zake zote zikaonekana tena mwisho wa waya. Kompresa ikasadiki kwamba njaa imekwisha, ikawaka, ushuru ukatozwa, ikazima. Ndiyo maana fundi wa kwanza alisoma 12.1 kwenye soketi. Alipima barabara isiyokuwa na mzigo, na kizuizi hakimtozi asiyepita.

Kanuni hii ina mwenyewe. Georg Simon Ohm alikuwa mwalimu wa shule huko Cologne, Ujerumani, alipochukua nyaya za urefu na unene tofauti na kupima jinsi kila mmoja unavyoupunguza mkondo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1827. Baba yake alikuwa fundi makufuli, na nilipomweleza hilo mzee wetu alitikisa kichwa kana kwamba nimemwambia habari za jirani. "Ndiyo maana aliipata," akasema. "Mtoto wa fundi anajua chuma hakidanganywi." Kizio cha ukinzani kikapewa jina lake, na kila anayenunua waya leo, ajue asijue, ananunua kwa kanuni ya yule mwalimu.

Hesabu ni rahisi kiasi kwamba mtoto wa sekondari ataiweza. Ufundi unaanza hesabu ikiisha. Mzee ana daftari la shule, jalada limechakaa na kurasa zimelowa mafuta, na ndani yake mistari minne kuhusu friji. Waya wa mbili na nusu, mita mbili na nusu. Wa nne, mita nne. Wa sita, mita sita. Wa kumi, mita kumi. Ndiyo maelekezo ya watengenezaji wa kompresa zile kwa volti 12, kutoka betri hadi kompresa, na uzuri wake ni kwamba milimita na mita zinatembea zimeshikana mikono. Kwa volti 24 mita zinazidi mara mbili. Kamba ilisema sita, daftari likasema sita. Hata hivyo hakuamini daftari mpaka hesabu ikubali: mita 12 mara 0.0175, gawanya kwa sita, omu 0.035. Mara ampia tano, volti 0.175. Ni sehemu moja na nusu hivi kwa mia. Kwa friji yeye hapendi kuvuka tatu kwa mia. Kwa taa huvumilia hata kumi, kwa sababu taa ikififia kidogo msomaji husogeza kitabu, lakini friji ikinyimwa haina la kusogeza.

Shemeji, aliyekwisha kupata hasara ya nyama na ya friji, akawa mkarimu ghafla. "Mzee, weka basi wa kumi na sita, tumalize kabisa."

"Uweke uende wapi?" mzee akamuuliza. Akamwonyesha mdomo wa kompresa: vibapa viwili vya kuchomekea, vyembamba kama ukucha. Waya wa kumi na sita ni mzito na mgumu kupinda. Ukiufungia hapo, kila tuta barabarani litautumia kama mkono wa jembe kukichokonoa kibapa mpaka kilegee, na palipolegea pana ushuru kuliko mita zote kumi na mbili. Tena shaba ni fedha, na ni uzito. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na siku zote nimeisikia methali hiyo ikiwasuta wavivu. Pale gereji niliiona imegeuka. Hapa mchagua waya ndiye fundi, na kuchagua kwake ni pamoja na kujua pa kukomea.

Tulikwenda dukani pamoja. Nilidhani kununua waya wa sita ni kusema "nipe wa sita." Kumbe kwenye kaunta moja kuna lugha tatu. Nyaya za majumbani huuzwa kwa milimita za mraba. Nyaya zilizotoka ndani ya magari ya Kijapani zina vipimo vyao, 0.85, 1.25, 2, 3, 5, 8, na anayetafuta sita humo hataipata. Kebo za muziki wa magari zinapimwa kwa geji ya Kimarekani, ambayo huenda kinyumenyume: namba ikikua, waya unakonda, na kila ukishuka namba tatu unene unakuwa karibu maradufu. Geji 10 ni milimita za mraba 5.26, kwa hiyo siyo sita kamili. Geji 8 ni 8.37. Kisha kuna mtego wa ngozi. Kuna waya ulionona kwa plastiki tu, shaba ndani kama utambi wa kibatari, na mnunuzi anayepima kwa vidole anaenda nyumbani akifurahia plastiki.

Mtego mkubwa zaidi ni wa rangi. Kuna kebo zenye nyuzi za alumini zilizopakwa utando wa shaba juu. Kwa nje zinang'aa kama shaba yenyewe, bei inavutia, na ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya shaba tupu. Mzee aliomba kipande cha sentimita chache, muuzaji akampa huku akitabasamu, walikuwa wanajuana. Alikipima kwanza kwa kukirusharusha kiganjani, kwa maana shaba ni nzito zaidi ya mara tatu ya alumini. Akakwangua uzi mmoja kwa kisu: wekundu ukaendelea hadi ndani, weupe haukutokea. Mwisho akawasha kiberiti cha gesi chini ya uzi mwembamba. Alumini huyeyuka ikifika nyuzijoto 660, shaba husubiri hadi 1085, kwa hiyo uzi wa alumini hujikunja na kukatika mahali ambapo wa shaba unageuka mwekundu tu na kubaki umesimama. Huu ulisimama.

Nilifikiri amemaliza. Akavuta kiti, akakaa, akamenya ncha ya kile kipande, akazitawanya nyuzi kama mtu anayefungua ufagio wa chelewa, akaanza kuzihesabu kwa sindano. Wateja walipita, muuzaji akahudumia watu wanne. Themanini na nne. Kila uzi milimita 0.3. "Zidisha mwenyewe," akaniambia, nami nikazidisha kwenye simu: milimita za mraba 5.94. Wa sita. Mita 13 zikakatwa, moja ya tahadhari.

Nyuzi themanini na nne badala ya msumari mmoja mnene wa shaba: hilo nalo lina sababu, na sababu hiyo iko barabarani. Anayetoka Ngorongoro kwenda Seronera akishapita lango la Naabi anaijua ile njia iliyojikunja kama bati, inavyotetemesha meno saa nzima. Waya wa nyumbani wenye uzi mmoja mgumu hupindwa mara moja siku ya kufungwa, ukafukiwa ukutani, ukatulia mpaka nyumba ibomolewe. Kwenye gari hupindwa maelfu ya mara kila siku, kidogo kidogo, na metali inayopindwa mahali pamoja huchoka ikakatika. Nyuzi nyingi nyembamba hugawana mateso hayo. Kwa sababu hiyohiyo mzee halehemu viungo vya gari. Lehemu hufyonzwa ndani ya nyuzi na kuzigandisha ziwe kijiti kimoja, na mahali kijiti kinapoishia ndipo mtetemo unapokata. Yeye huingiza nyuzi kwenye kichwa cha shaba, akakibana kwa koleo la kubania lenye mikono mirefu, hadi nyuzi na kichwa vinakuwa kama donge moja, kisha akauvuta kwa nguvu zote, mguu ukiwa umekanyaga bampa. Kichwa kikichomoka, bora kichomokee gereji.

Kesho yake ndiyo siku waya ulipolazwa, na alilaza taratibu kama mtu anayemlaza mtoto asiyetaka kulala. Kila tundu la bati alilivika pete ya mpira kabla waya haujapita, kwa kuwa ncha ya bati ni kisu kinachosubiri. Kila shubiri moja aliweka kishikizo. Waya wa kurudi, ule mweusi, aliupitisha kando ya mwekundu mpaka kwenye betri. Nikamuuliza kwa nini asiutumie mwili wa gari kurudishia, kama gari lenyewe linavyofanya kwa taa zake. Alikubali kwamba inawezekana, na kwa taa hufanya hivyo. "Lakini gari hili limekatwa na kuungwa," akasema, akigonga bodi mahali chuma kipya kinapokutana na cha kiwandani. Kila kiungo, kila boliti iliyopakwa rangi, kila kutu itakayokuja, ni kizuizi kingine ambacho hakukijenga yeye na hataweza kukipima baadaye.

Karibu na betri, kabla waya haujaenda popote, aliweka fyuzi ya ampia 15, ile ya buluu. Shemeji akasema fyuzi si ingekaa karibu na friji, ili kuilinda? Hapa mzee aliacha kazi, akafuta mikono. Fyuzi ni ya waya, akasema, friji ina ulinzi wake. Fikiria waya umechubuka katikati ya safari ukagusa bati. Fyuzi ikiwa mwisho, iko nyuma ya ajali, haina habari. Mkondo wote wa betri unapita kwenye waya kwa mamia ya ampia, na waya usiokuwa na fyuzi hugeuka kuwa fyuzi wenyewe, ndani ya kuta zenye magodoro. Fyuzi ikiwa mwanzoni, inakatika kabla waya haujapata joto. Ndiyo maana pia haibadilishwi kwa kubwa zaidi ikikatika, wala haivikwi karatasi ya sigara. Yule dereva anayefanya hivyo porini hajatengeneza kitu. Amemfukuza mlinzi kwa sababu alipiga kelele.

Kisha likaja suala la inveta. Shemeji alitaka wageni wachaji kompyuta na kuchemsha maji, na alikuwa na inveta ya wati 1000. Alitaka ifungwe nyuma kabisa, karibu na friji, itumie waya uleule mpya, maana si ni mnene? Mzee hakubisha. Akamwomba dogo afanye hesabu kwa sauti. Wati 1000 kwa volti 12 ni ampia 83. Inveta yenyewe nayo inakula, sema 92. Tisini na mbili mara omu 0.035: volti 3.2 zinabaki njiani. Betri ina 12, inveta itaona chini ya tisa, itazima. Ubaya hauishii hapo. Joto la waya hukua kwa ampia zikizidishwa kwa zenyewe, kwa hiyo mkondo ukiwa mara mbili, joto ni mara nne. Tisini na mbili mara tisini na mbili mara 0.035: karibu wati 300 za moto zimelala ndani ya ubavu wa gari. Dogo alinyamaza kidogo baada ya kusoma jibu. Nadhani ndipo alipojifunza, na mzee alijua atajifunza hapo.

Inveta ikafungwa chini ya kiti cha abiria wa mbele, mita moja na nusu kutoka betri, kwa kebo ya thelathini na tano, nene kama kidole, yenye fyuzi yake nzito. Kwa kebo hiyo upotevu ni volti 0.14 tu. Kutoka hapo hadi nyuma ya gari umeme ukasafiri ukiwa volti 230, na kwa volti hizo wati 1000 ni ampia nne na ushei tu, mzigo ambao waya wa moja na nusu unauweza bila wasiwasi. Ule waya mwembamba ambao ulishindwa kuilisha friji sasa ungetosha, kwa sababu safari ndefu imepewa volti nyingi na safari fupi imepewa shaba nyingi. Mzee akaelekeza kidole nje, kusikoonekana kitu ila mabati ya majirani. Njia kubwa ya umeme inayotoka Singida, ikapita Arusha hadi Isinya nchini Kenya, ni ya kilovolti 400. Volti laki nne kwa sababu ileile iliyoileta inveta chini ya kiti. Sikuwahi kuitazama minara ile kama ndugu wa waya wa gari.

Jioni friji ikawashwa. Mzee akafanya kile ambacho fundi wa kwanza hakukifanya: alipima ikiwa kazini. Mguu mmoja wa mita kwenye betri upande wa chanya, mwingine kwenye kibapa cha friji upande huohuo, kwa waya mrefu wa kupimia aliouunga mwenyewe. Mita ikasoma 0.21. Akahamia upande wa hasi: 0.10. Jumla 0.31. Kwa kanuni za watu wengi hiyo ni kazi iliyokwisha, kwa kuwa bado iko chini ya tatu kwa mia. Shemeji alikwisha kutoa funguo mfukoni.

"Inapaswa kuwa moja nane hivi," mzee akasema. "Mbili, tukisamehe viungo. Moja moja hii imetoka wapi?"

Akaanza kuitafuta. Akaweka miguu ya mita kwenye vipande vifupi vya njia, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayemuuliza kila abiria nani ameshika nauli. Kutoka betri hadi kichwa cha waya: karibu sifuri. Waya wenyewe: sawasawa na hesabu. Kikasha cha fyuzi, kutoka mdomo huu hadi mdomo ule: 0.12. Akaichomoa fyuzi, akakiinua kikasha kwenye mwanga. Kilikuwa kipya, cha leo asubuhi, ila meno yake yalikuwa laini, yanaigusa fyuzi badala ya kuibana. Akakitupa kwenye kopo, akafunga kingine, akapima tena. Chanya 0.10. Hasi 0.10. Ile moja moja iliyopotea ilikuwa kiasi ambacho hakuna mgeni angekihisi mwezi huu. Lakini mahali palipolegea huwa na joto, joto hulegeza zaidi, na baada ya misimu miwili ya Naabi ingekuwa kwikwi nyingine saa tisa usiku, na fundi mwingine angesema friji ndiyo mbovu.

Kabla ya kufunika, alimwambia dogo alete kalamu. Akakata kipande cha jalada la daftari, akaandika kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika kwa chaki: tarehe, friji, waya 6, mita 6, fyuzi 15, inveta, kebo 35, mita 1.5. Chini yake akaandika 0.20, na mbele ya namba hiyo akachora visanduku vitatu vitupu. Akalivika lile karatasi plastiki, akalibandika ndani ya kifuniko cha kikasha cha fyuzi.

Nilimuuliza visanduku ni vya nani.

"Sijui," akasema. "Atakayelifungua. Akipima akakuta mbili, aliache gari liende. Akikuta nne, ajue kuna kitu kimelegea tangu siku yangu, na ajue waya siyo."

Akabana skrubu nne za ubao, akaikunja kamba ya katani, fundo likiwa bado mahali pake, akairudisha mfukoni.